Azimio la Cairo na Maji ya Nyasa

Msafiri atokaye Mafinga, akiiacha barabara ya Mbeya pale Makambako, hupita Njombe na Ludewa, na mwishowe hushuka Manda, penye Ziwa Nyasa. Wavuvi wa hapo watupapo nyavu, wazitupa katika maji ya nani?

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, baina ya Waingereza na Wajerumani, uliuweka mpaka kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa. Wakisi na Wamanda, wenye kuishi kwa ziwa hilo, hawakuulizwa. Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipokutana Cairo, waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Mtoa hoja alikuwa Nyerere mwenyewe. Na hoja ilikuwa nzito, maana Algeria na Morocco zilikwisha pigana mwaka 1963.

Mwaka 1967 Tanzania ilidai kwamba mpaka wapita katikati ya ziwa. Malawi imeushika mkataba wa 1890, na huliita azimio la Cairo kuwa shahidi wake. Wako waonao kwamba Nyerere alinaswa na mtego wake mwenyewe. Maneno hayo ni ya haraka. Ramani kadhaa za Waingereza, walipoitawala Tanganyika kwa dhamana, ziliuchora mpaka katikati ya maji. Azimio lasema mpaka uliorithiwa uheshimiwe. Halisemi ni upi uliorithiwa, wala halimtaji mvuvi.

Mwaka 2012 mzozo uliamka tena, kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, ukafikishwa mbele ya marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano.