Saksafoni Ilikosa Darasa Miaka 72

Wasee, mkisikia saksafoni mnafikiria nini? Mimi huwaza harusi ama jazi. Lakini Adolphe Sax, yule Mbelgiji aliyeisajili Paris mwaka wa 1846, alikufa 1894 bila kujua jazi ni nini. Yeye alitaka ipigwe na bendi za jeshi na okestra.

1857 akaanza kuifundisha Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris. Wanafunzi wake walikuwa wanajeshi. Shida, nyimbo za mtihani hazikuwepo. Basi akawaomba watunzi kama Singelée na Demersseman waandike, kisha akazichapisha mwenyewe. 1870 vita na Prussia vikaanza, darasa likafungwa. Lilirudi 1942, chini ya Marcel Mule. Sax mwenyewe alikuwa amefilisika mara tatu.

Hapo katikati hata sauti ilibadilika. Mdomo wa saksafoni ya Sax ulikuwa na nafasi kubwa ya mviringo ndani, kwa hivyo sauti ilitoka nzito na laini. Mingi ya leo ni myembamba ndani ndio sauti iwe kali. Sasa kuna wapigaji wanaorudia vyombo vya enzi hizo, ama nakala zake, na kupiga zile noti za zamani.

Wengine husema huko ni kuchezea makumbusho. Nakataa. Mimi niliacha chuo, na najua vile watu hukuzika mapema. Sax alifungiwa darasa, lakini karatasi alizochapisha bado zinapigwa.

Leo jioni tafuta kwateti ya kwanza ya Singelée kwa vyombo vya zamani. Skiza yote.