Sumbawanga Iko Nyuzi 261

Historia ya utangazaji nchini husimuliwa kwa namna moja: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na baada ya uhuru redio ikafika kila kona. Ukiwa Ufipa, uwanda wa Sumbawanga, hilo la kila kona ni gumu kulimeza. Chombo cha kulipimia kipo, ila wanahistoria hawakigusi: ratiba za masafa mafupi ambazo nchi huziwasilisha kwa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Hazina hadithi. Zina masafa, saa, nguvu ya mtambo, na safu ya nyuzi inayoonyesha antena imetazama wapi.

  

Waya uliosimama wima hurusha mawimbi sawasawa pande zote. Lakini tundika nyaya kadhaa za mlalo kati ya minara miwili, mfano wa pazia, na nyuma yake pazia la pili la kuyarudisha mawimbi: nguvu karibu yote itakwenda mbele. Wati ni zilezile, ila aliye mbele husikia kana kwamba zimezidishwa mara kumi na zaidi. Aliye ubavuni huambulia makombo.

Sasa shika ramani. Kutoka Dar es Salaam, Sumbawanga iko nyuzi 261 hivi, karibu magharibi kamili, kilomita zipatazo 850. Umbali huo si hoja. Kwa masafa mafupi ni mruko mmoja tu wa kugonga anga na kushuka. Hoja ni uelekeo. Miaka ya 1960 na 1970, FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vya Zimbabwe vilizungumza na watu wao kupitia Radio Tanzania. Salisbury, lengo la vyama vya Zimbabwe, iko nyuzi 215 hivi kutoka Dar; Lourenço Marques, lengo la FRELIMO, 198. Antena yoyote inayolenga huko inaipa Ufipa ubavu. Ukombozi ulistahili wati hizo, wala sina kinyongo. Ninachokataa ni kuzihesabu tena kana kwamba zilikuwa za Mfipa.

Watetezi wa "kila kona" hukimbilia Mtu ni Afya, kampeni ya afya kwa njia ya redio ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Vikundi vile vilikuwa na vitabu vya kusomea na viongozi, si redio peke yake. Tusonge mbele.

Kusini kuna hoja nzito zaidi. Lusaka iko kilomita kama 900 kutoka Sumbawanga, karibu sawa na Dar. Mwaka 1949, miaka miwili kabla Dar haijaanza, huko ziliingia sokoni redio za betri zenye umbo la sufuria, kwa pauni 5, na kituo cha huko kilitangaza kwa Kibemba miongoni mwa lugha nyingine. Wamambwe na Walungu wa upande wa Matai na Kasanga wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Kwangu mimi, historia ya redio Ufipa ianzie hapo.

Msikilizaji naye alikuwa na antena yake ya uelekeo. Ndani ya redio ya mbao mna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba, ya kunasia masafa ya kati. Igeuze redio mezani taratibu: sauti haibadiliki sana, kisha inafifia ghafla pale ncha ya fimbo inapoelekea kituo. Mabaharia na marubani walitafutia njia kwa mfifio huohuo, maana kilele cha sauti ni kipana mno kuonyesha kitu.

Enzi hiyo nayo imepita: kituo cha masafa mafupi cha Deutsche Welle kule Kigali, kilichokuwa karibu na Sumbawanga kuliko Dar, kilifungwa Machi 2015. Siku hizi ni FM, na FM hudai mlingoti uonekane. Uwanda wa Ufipa uko mita 1,800 hivi, Ziwa Rukwa kama 800. Kati ya viwili hivyo ni ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Muze na Ilemba ziko chini ya ukuta huo.