Kura ya Mwenyekiti: Kilosa na Mikumi Tangu Enzi za Majumbe

Mkazi wa Rudewa, Kidodi au Ulaya akitaka kuuza shamba, kumdhamini ndugu yake polisi au kupata barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, haanzi kwa mbunge. Anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji mwenye mhuri. Huko Mikumi, kwenye vitongoji vinavyopakana na hifadhi, tembo wakiingia kwenye mahindi usiku, simu ya kwanza humwamsha mwenyekiti. Ndiyo maana historia ya kura hii ndogo inastahili kusimuliwa kwa uzito uleule tunaoupa uchaguzi wa rais.

Wajerumani walitawala Kilosa kwa maakida na majumbe, watu waliowekwa kukusanya kodi na kutafuta vibarua, wala hawakuchaguliwa na wanavijiji. Waingereza wakaja na utawala wa kupitia machifu, ambao Gavana Donald Cameron aliupa nguvu ya sheria mwaka 1926. Katika milima ya Wakaguru, Mamboya ikawa makao ya chifu mkuu, na bomani Kilosa akakaa mkuu wa wilaya Mzungu. Chifu alihukumu kesi na kukusanya kodi, na aliwajibika kwa boma kuliko kwa watu wake.

Wazo la diwani wa kuchaguliwa lilikuja kwa barua kutoka London. Februari 1947 Waziri wa Makoloni, Arthur Creech Jones, aliwaandikia magavana wa Afrika akiwataka wajenge serikali za mitaa za kidemokrasia, kwa mfano wa halmashauri za Uingereza kwao. Tanganyika ikapata sheria yake mwaka 1953. Lakini kilichokuja si kile walichokuwa nacho raia wa miji ya Uingereza, kwa sababu serikali ilisisitiza mabaraza ya mseto, Waafrika wakae na Wazungu na Waasia ambao idadi yao haikulingana kabisa na viti walivyotengewa. Geita mwaka 1958 wananchi walilikataa baraza la namna hiyo kwa maandamano makubwa, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Kilosa, wilaya ya mashamba makubwa ya katani yaliyomilikiwa na wageni, ingekuwa na kila sababu ya kuuona mseto huo kuwa njia nyingine ya kumpa mwenye shamba sauti kuliko kibarua wake.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1963 sheria ilifuta uchifu, na halmashauri za wilaya zikabaki na shule, zahanati na barabara. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ikafutwa na halmashauri zikakauka mifuko. Kisha mwaka 1972, mwaka uleule Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuzipanga upya halmashauri zake, Tanzania ilizifuta za kwake. Utaratibu uliochukua nafasi yake uliitwa Madaraka Mikoani, lakini madaraka yenyewe yalikuwa ya watumishi waliotumwa na serikali kuu. Vijijini, sheria ya 1975 ilimfanya mwenyekiti wa tawi la TANU kuwa mwenyekiti wa kijiji pia, ikawa chama na serikali vinakalia kiti kimoja.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Wakati huo halmashauri za wilaya zilikuwa zinarudi, kwa sheria ya 1982. Nauheshimu ukweli huo wa Mwalimu, ila miaka 12 si michache. Ni muda wa mtoto kuzaliwa na kukaribia kumaliza shule ya msingi bila wazazi wake kuwa na diwani wa kumuuliza kwa nini darasa halina paa.

Vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na Oktoba 1994 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa wenye ushindani wa vyama. CCM ilishinda karibu kila mahali.

Uzito wa kiti cha kijiji ulionekana kwa namna ya kutisha alfajiri ya Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya malisho na mifugo iliyokamatwa uliishia kwenye shambulio lililoua watu 38. Watafiti walioufuatilia wameeleza jinsi rushwa na maamuzi ya upendeleo yalivyowaondolea watu imani na viongozi wa karibu hadi wakachukua silaha. Miezi mitano baadaye, Mei 2001, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilianza kutumika. Inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo anayemchagua mwenyekiti Kilosa anachagua pia atakayeongoza kikao kinachoamua ng'ombe wapite wapi, mpunga ulimwe wapi na mpaka na kijiji cha jirani uwe wapi.

Desemba 2014 ushindani ulifika vijijini kwelikweli. Upinzani uliongeza viti nchini, na vurugu za maandalizi zikafanya wakurugenzi kadhaa wa halmashauri kufukuzwa au kusimamishwa kazi. Mwaka uliofuata Mikumi ikamchagua Joseph Haule, msanii ajulikanaye kama Professor Jay, wa CHADEMA, kuwa mbunge wake. Ubunge ni kura nyingine, lakini ulionyesha kwamba wapiga kura wa huko waliweza kubadilisha mawazo.

Kilichofuata kinaniuma. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa madai ya makosa ya kujaza fomu, CHADEMA ikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Novemba 27, 2024, katika vijiji zaidi ya 12,000 nchini, matokeo yalikaribia yaleyale, na malalamiko ya kuenguliwa yalikuwa yaleyale. Chaguzi zote mbili zilisimamiwa na TAMISEMI, wizara ambayo wakurugenzi na watendaji wa kata na vijiji wako chini yake.

Uchaguzi unaofuata utakuwa 2029. Fomu ya kugombea kitongoji hujazwa na mkulima wa Masanze au mfugaji wa Twatwatwa, mara nyingi kwa mkono, bila mwanasheria. Akikosea herufi, aitwe siku hiyohiyo, arekebishe, asaini, na jina lake lifike kwenye karatasi ya kura. Na kazi ya kusimamia ihamishiwe Tume ya Uchaguzi kabla ya mwaka huo, ili mtendaji anayepokea fomu asiwe mtumishi anayesubiri mwenyekiti wa kufanya naye kazi.