Nyimbo za Mwendo: Toka Handaki la Madina Mpaka Mvua za Bukoba



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mtu wa mbao na juzuu, ameshika kalamu kukuandikia habari za mashine ya kukimbilia. Nakuomba stahamala. Kisa chenyewe kimenipeleka mbali, mpaka katika zama za Mtume wetu (S.A.W.), kisha kikanirudisha katika njia za babu zetu, na mimi sikuona vyema kukaa nacho peke yangu.

Mwaka juzi nilikwenda Bukoba kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Tabibu alikwisha kuniusia, kwa ajili ya maradhi ya sukari, nitembee nusu saa kila siku, nisiache. Huku kwetu pwani jambo hilo ni jepesi: baada ya sala ya Alfajiri mtu hushuka ufukweni akarudi. Lakini Bukoba, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mvua yake haiji kwa masika na vuli kisha ikaaga. Hunyesha kadiri ya milimita 2000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya zile za Dar es Salaam, na kuna wiki ambayo hujui jua limechomoza upande gani. Mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amjazie kheri, akanionyesha mashine iliyo katika chumba cha nyuma. Ni mkanda unaozunguka wenyewe kwa nguvu za umeme; wewe wapanda juu yake ukatembea, na hutoki ulipo.

Dakika kumi za kwanza nikaziona kama funga ya siku ndefu. Ukuta ni ule ule, pazia ni lile lile, na mishale ya saa kama iliyogandishwa kwa ulimbo. Nikashuka. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Babu, huwezi kutembea hivyo kimya. Ngoja nikuwekee kitu usikilize." Nikamuuliza, kitu gani? Akanitajia mambo mengi yaliyomo katika simu yake, mengine sikuyajua hata kwa jina. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri: je, haja hii ya kutafuta kiburudisho ili mwili ukubali taabu ni uvivu wa watu wa leo, au ni jambo la kale?

Kwanza tuitazame mashine yenyewe, maana nasaba yake si nzuri. Mwaka 1818 muhandisi wa Kiingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, mfano wa ngazi isiyokwisha. Halikubuniwa kwa afya; lilibuniwa kwa adhabu. Wafungwa walipangwa safu wakalikanyaga kwa masaa, na kila mtu alipopanda kidato kimoja, kidato kile kilishuka chini yake. Katika jela ya Brixton, London, ambako liliwekwa mwaka 1821, nguvu za miguu yao zilisaga nafaka; jela nyingine halikusaga kitu ila upepo. Na katika jela nyingi walikatazwa kusemezana, penginepo wakatiwa mbao baina yao ili mtu asimwone jirani yake. Tafakari, ndugu yangu: waliobuni adhabu ile walijua kwamba uzito wake haumo katika miguu peke yake. Umo katika kutembea bila kufika, na katika kunyamazishwa. Mtu angeliruhusiwa kuimba, nusu ya adhabu ingelikwisha. Sheria ya magereza ya Uingereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoleta mwisho wa gurudumu lile.

Baadaye fikra ya kutembea pahala pamoja ikahamia hospitali. Katika miaka ya 1960 Dakta Robert Bruce wa Seattle, Marekani, aliieneza njia ya kuupima moyo kwa kumtembeza mgonjwa juu ya mkanda unaoongezewa mbio na mwinuko kila baada ya dakika 3. Na mwishoni mwa miaka hiyo muhandisi William Staub, naye ni Mmarekani, akatengeneza ya majumbani, baada ya kusoma kitabu cha Dakta Kenneth Cooper cha mwaka 1968 juu ya mazoezi ya moyo na pumzi. Hivyo ndivyo chombo cha jela kilivyoingia sebuleni. Kimya chake kikaja nacho, na watu wakaanza kutafuta cha kukiondoa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 5 wa Hijra, nao ni 627 wa Miladi, Makureshi na makabila waliyoshirikiana nayo waliukusudia mji wa Madina kwa jeshi kubwa. Kwa shauri la Salman Al-Farsi, Waislamu wakachimba handaki. Ilikuwa ni wakati wa baridi na njaa. Al-Baraa bin Aazib (R.A.) amesimulia kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) mwenyewe akibeba udongo mpaka vumbi likamfunika tumbo lake tukufu, huku akisema beti za Abdallah bin Rawaha, na kila akifika mwisho wa ubeti huinua sauti na kuivuta. Na Anas bin Malik amesimulia kuwa Maswahaba walikuwa wakiimba ahadi yao ya kushikamana na Mtume, naye akiwajibu kwa kuwaombea dua Ansari na Muhajirina. Upande mmoja huanza, upande wa pili hupokea. Kadhalika ilikuwa walipojenga msikiti wa Madina: mawe mabegani, na beti vinywani.

Waarabu walikuwa pia na nyimbo za kuwaendeshea ngamia, ziitwazo hudaa. Katika safari ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, watu walimwomba Aamir bin Al-Akwaa awaimbie usiku njiani. Akaimba, msafara ukaenda. Mtume akauliza ni nani huyo aongozaye ngamia; alipoambiwa, akamwombea rehema. Basi asije mtu akakwambia kwamba sauti ya kuupunguzia mwili mashaka ni jambo lililozuliwa na vijana wa simu.

Na babu zetu je? Ardhi hii ya Kagera, ambayo wengi wetu wa pwani twaijua kwa kahawa na ndizi tu, ilikuwa ni mwisho wa mojawapo ya njia ndefu za misafara. Watu waliondoka Bagamoyo, wakafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha baadhi yao wakakata kaskazini kwenda Karagwe, na wengine wakaendelea hata Buganda. Huko Karagwe, pahala paitwapo Kafuro, walikuwako wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili wenye maskani yao. Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanika mwaka 1861, na Grant aliachwa huko miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mbovu. Stanley alipopita mwaka 1876 alikaribishwa Kafuro na Hamed bin Ibrahim. Bukoba yenyewe bado haijawa mji: kituo chake kilianzishwa na Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani mwaka 1890.

Mpagazi alibeba mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miezi. Alibebaje? Mbele alikwenda kirangozi na bendera, karibu yake ngoma, na nyuma safu ndefu ya watu. Kirangozi alianza neno, na safu ikapokea, kichwa hata mkia. Nyimbo nyingi zilitungwa papo kwa papo. Mwenye mali akiwa bahili alijisikia mwenyewe akitajwa, wala hakuwa na la kufanya, maana akiwanyamazisha mzigo haufiki. Lakini nisikufiche, ndugu msomaji. Katika njia zile walipita pia waliofungwa minyororo, na wengine katika hao walikuwa ni watumwa wa watu wa dini yetu. Tukiwasifu waimbaji tusiwasahau hao, na hesabu yake iko kwa Mola wao na wetu.

Wenyeji wa Bukoba na Muleba wana chao. Wanacho chombo wakiitacho enanga. Si nanga hii yetu ya kutilia jahazi! Ni ubao uliochimbwa mfano wa chano, ukapitishwa nyuzi toka ncha hata ncha, nao hulazwa ukapigwa kwa vidole. Mwimbaji husimulia visa virefu vya wafalme na mashujaa, kama kile cha Rukiza, na watu hukaa mpaka usiku mwingi wakimsikiliza. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tenzi hizo, na miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo ni Habibu Selemani, ambaye jina lake, kama uonavyo, halihitaji kuulizwa limetoka wapi. Kweli, katika mabaraza hayo pombe ya ndizi haikukosekana, na hilo hatulisifu. Lakini kisa si pombe.

Kisha kuna mchakamchaka. Aliyesoma skuli za Tanzania hahitaji kuelezwa: alfajiri, kabla ya masomo, watoto hukimbia kwa safu, mmoja anaita na wengine wanaitika, na hatua zote zinaanguka pamoja. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilikuwa na nyimbo zake, na za skuli zilifanana nazo. Kagera yenyewe ilizidishiwa sababu ya kuimba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto migongoni. Askari wetu walivuka Mutukula wakaingia Uganda, wengi wao kwa miguu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Miaka mingi baada ya vita watoto waliokuwa hawajazaliwa wakati ule walikuwa wakikimbia asubuhi kwa nyimbo za kumcheka Amin.

Wenzetu wa elimu ya mwili nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres aliandika kwamba katika mashindano ya baiskeli huko New York wapandaji walikwenda mbio zaidi kila bendi ilipokuwa ikipiga, na bendi ikinyamaza hupungua. Na mwaka 1998 Muhabeshi Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani ya ukumbi, huko Birmingham, hali wimbo aliouchagua unapigwa, miguu yake ikifuata mapigo yake.

Hayo yote niliyakusanya kichwani, nikaona hoja imetimia. Nikamwambia mjukuu, niwekee kasida ya dufu, tena ile iliyochangamka. Lo! Miguu ikawa si yangu. Nikabonyeza swichi ya kuongeza mwendo, nikabonyeza tena. Sikuona uchovu hata chembe, na hilo ndilo lililonidanganya. Ghafla macho yakaingia kiza, jasho la baridi likanitoka, na kama si mikono kushika vyuma vya pembeni, mngelisikia habari nyingine. Binti yangu alikuja mbio na kikombe cha chai ya sukari, akamgombeza mwanawe, ambaye hakuwa na kosa.

Nikiwa nimelala kitini nikakumbuka kisa alichokitaja Imamu Ghazali katika Ihyaa, kwenye mlango wa kusikiliza sauti. Mtu mmoja alifika kwa bedui akamkuta mtumwa amefungwa, na mbele ya hema ngamia wamekufa. Akauliza sababu. Akaambiwa: mtumwa huyu ana sauti nzuri, aliwapakia ngamia mizigo mizito, akawaimbia, wakakata mwendo wa siku tatu kwa usiku mmoja, walipotuliwa mizigo wakafa wote ila mmoja. Nimewasomesha wanafunzi kisa hiki si mara moja, na kila mara nilikuwa nikisifu uzuri wa sauti. Siku ile ndiyo nilipowahurumia ngamia.

Na kabla ya Ghazali kuna Hadithi ya Anjasha. Alikuwa na sauti njema, akiwaendesha ngamia waliopandwa na wanawake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia aende polepole kwa ajili ya wale aliowafananisha na vyombo vya kioo. Wanavyuoni wana kauli mbili: wako waliosema alihofia ngamia wakichangamka watawatikisa waliopanda, na wako waliosema alihofia sauti yenyewe isiingie nyoyoni mwao. Mimi mwenye sukari naichukua ile ya kwanza.

Mkwe wangu, aliporejea kazini jioni, akaleta shauri lake. Kwao ni Muleba, katika nchi ya zamani ya Ihangiro. Akanitilia kisa cha enanga kilichorekodiwa, akakaa kitini kando ya mashine akinifasiria, maana Kihaya sikijui. Mwendo tukauweka chini. Mfalme akafanya hivi, shujaa akajibu vile. Mara nasikia mashine inalia, nusu saa imekwisha, na pumzi yangu imetulia. Nikaijua tofauti. Ngoma huongeza mbio za miguu. Hadithi huongeza mbio za saa. Kijana atakaye kukimbia na apewe ngoma kwa kiasi chake. Mzee aliyeambiwa atembee, ampate wa kumsimulia: sira ya Mtume, tarikh za Maswahaba, habari za miji yetu ya kale.

Jambo moja nimeulizwa na wengi tangu nirudi: je, Kurani? Nasema, Kitabu cha Mwenyezi Mungu kikisomwa tumeamrishwa kukisikiliza na kunyamaza. Ukiweza kutembea taratibu na moyo wako ukawa katika maana, kuna kheri. Lakini ukiwa waifungua ili miguu isichoke, na akili yako iko kwenye namba za mashine, ifunge, weka kisa. Kurani haikuteremshwa kuwa ngoma ya mtu.

Siku ya kuondoka mvua ilipungua ikawa manyunyu. Nilikuwa juu ya mkanda, mkwe wangu ameondoka mapema, na kisa kilikuwa katikati, nikabaki na Kihaya nisichokielewa. Nikasikia sauti barabarani. Nikatazama dirishani: watoto wa skuli, miguu imejaa tope jekundu, wanapita kwa safu, mmoja anaita, wengine wanaitika. Nikaizima simu, nikazifuata hatua zao mpaka walipopinda kona.