Kigari cha Turbo Mpanda
Kigari ninachoendea kazini na sokoni ni Toyota Starlet Glanza V, kilichotengenezwa Japani kati ya 1996 na 1999: injini ndogo ya cc 1,331, lakini ina turbo. Kiliundwa kwa ajili ya lami. Mpanda yetu ilifunguliwa na reli ya Kaliua mwaka 1950, kwa sababu ya machimbo ya risasi; barabara zikabaki vumbi kiangazi, tope masika. Fundi alikiinua springi, sampo ikapona, ila kwenye kona kikawa kinayumba. Nguvu zote zile, na baiskeli zinanipita! Lami ya Tabora kupitia Koga ilizinduliwa mwaka 2022, turbo ikapata kazi. Sasa ninachohofia ni watoto wa shule, waliozoea kuvuka barabara bila haraka.