Nani Anajibu kwa Risasi Iliyojazwa Tena?

Askari wa jeshi na wa polisi wanajua kwamba risasi haipasuliwi ili ionekane ndani. Askari huipokea ghalani ikiwa imefungwa, huitia katika bunduki, na kuukabidhi uhai wake kwa kazi ya mtu asiyemwona. Kinachompa imani ni alama iliyopigwa kitakoni mwa ganda, kwani alama hiyo ni ahadi ya kiwanda. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu risasi ambayo alama yake haisemi kweli: ile iliyokwisha kufyatuliwa, ganda lake likaokotwa, likajazwa tena kwa mkono, kisha ikauzwa.

Zamani kila mwenye gobore alishindilia baruti yake mwenyewe, na akikosea aliumia yeye. Ganda la shaba lilibadili mambo. Mnamo mwaka 1866 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza fataki inayokaa katikati ya kitako cha ganda. Baada ya kufyatuliwa, ganda lilibaki zima, na fataki iliyokufa iliweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Huko Marekani, katika miaka ya 1870, wawindaji wa nyati walikaa nyikani mbali na maduka, nao walijaza maganda yao wenyewe kambini.

Kazi hiyo haikuwa na hatari kubwa wakati ule, kwa sababu baruti nyeusi ilijaza ganda karibu lote; hapakuwa na nafasi ya kutia kipimo mara mbili. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa zaidi. Kwa kuwa kiasi kidogo kinatosha, aghalabu nafasi hubaki ndani ya ganda. Tangu hapo mkono uliosahau waweza kutia kipimo mara mbili, na jicho la mnunuzi lisione lolote kwa nje.

Matokeo yake ni mabaya. Kipimo kikizidi, chemba hupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Baruti ikikosekana kabisa, nguvu ya fataki peke yake huweza kukisukuma kichwa cha risasi mpaka kikanasa ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu hupasuka. Na ganda lililochoka kwa kujazwa mara nyingi hupasuka likaachia gesi ya moto impige mpigaji.

Sheria ilifuata nyuma. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa kwa bunduki, Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti silaha. Sheria hiyo haikumkataza mtu kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe. Ilisema kwamba anayetengeneza risasi ili afanye biashara lazima awe na leseni ya serikali kuu. Mwaka 1986 sheria ililegezwa, na aliyeuza tu risasi za viwandani akaondolewa sharti la leseni. Lakini mtengenezaji hakuondolewa. Sababu yake ni dhahiri. Muuzaji hupitisha ahadi ya kiwanda, ilhali anayejaza hutoa ahadi yake mwenyewe, naye lazima ajulikane. Ada ya leseni hiyo iliwekwa dola 10 tu kwa mwaka. Serikali haikutafuta fedha bali jina la kuandika katika daftari.

Umuhimu wa jina hilo ulionekana Las Vegas. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2017, mtu mmoja aliyekuwa hotelini aliufyatulia risasi umati wa watu katika tamasha la muziki. Watu 58 waliuawa, na wawili wengine walikufa baadaye kwa majeraha yao. Chumbani mwake wapelelezi walikuta risasi zisizofyatuliwa zenye alama za vidole vya mtu mwingine. Huyo alikuwa mkazi wa Arizona aliyejaza risasi nyumbani kwake na kuziuza bila leseni. Hakushtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2019 alikiri kosa la kutengeneza risasi bila leseni, na mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha miezi 13. Alama za vidole ndizo zilizosema kile ambacho alama ya kitakoni haikuweza kusema.

Sisi Uganda tuna Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inazitaja silaha, sehemu zake na risasi kwa pamoja, na nchi yetu ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Lakini somo kubwa tulilipata kabla ya itifaki hizo. Mwaka 1979 ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zilizotoka humo ziliwasha moto wa wizi wa ng'ombe Karamoja kwa miaka mingi. Bunduki isiyo na risasi ni rungu tu. Anayeipatia risasi kwa siri ndiye anayeirudishia uhai.

Basi askari anapoamriwa kuokota na kuhesabu maganda baada ya shabaha, asidhani kwamba anasumbuliwa bure. Ganda linalopotea uwanjani laweza kurudi likiwa na alama ya jeshi kitakoni na baruti ya mtu asiyejulikana ndani yake.