Hati ya nyumba na swali la mke wangu



Wenzetu kadhaa, hasa waliokuja karibuni kufundisha, wameniuliza kama ni busara kwa mtu wa kwetu kununua nyumba katika mji huu wa Johannesburg, au afadhali apange tu huku akijenga kwao pole pole. Mie nilinunua, mwaka 2010, Kensington, upande wa mashariki ya mji. Ushauri wa fedha sitoi, si fani yangu. Fani yangu ni historia, basi nitaeleza niliyoyakuta kwenye hati za nyumba ile, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Wakati ule tulikuwa tumepanga fleti Yeoville, mtaa ambao ukishuka barabara ya Rockey unasalimiwa kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi kabla hujafika sokoni. Nilipoleta nyumbani makaratasi ya mauziano, mke wangu, mtu wa Pangani asiye na maneno mengi, aliuliza jambo moja tu: "Baba Mwanaidi, na wakija kutufukuza, utawaonyesha hati?"

Hakuwa anatania. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Mei 2008, ghasia zilipoanzia Alexandra na kuenea. Walikufa watu 62, na katika hao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Sikuwa na jibu. Nikafanya kama tunavyofanya sisi watu wa vitabu tukikosa jibu: nikaenda kutafuta nyaraka.

Kensington ilifunguliwa mwaka 1897 na Max Langermann, ambaye jina lake bado liko kwenye barabara kubwa ya mtaa. Nyumba yetu ina paa la bati na dari za bati lenye maua, kama zilivyo nyingi za zamani pale. Nilimwomba wakili anayeshughulikia uhamisho wa miliki anitafutie nakala za hati za zamani. Alishangaa, maana wateja wake huuliza gharama tu. Nakala moja ya miaka ya 1930 ilikuwa na sharti kwamba kiwanja hicho kisiuzwe, kisipangishwe wala kisikaliwe na mtu yeyote asiye Mzungu, isipokuwa watumishi wa mwenye nyumba. Wakili akacheka kidogo: "Usijali, hilo limekufa." Ni kweli limekufa, na katika hati yangu halimo. Lakini mie nilitaka kujua lilizaliwaje na limeuawa na nani.

Kumbe lina ukoo mrefu. Jamhuri ya Transvaal ilitunga Sheria namba 3 ya mwaka 1885, mwaka mmoja kabla Johannesburg haijaanzishwa. Sheria ile iliwakataza watu wa asili ya Asia kumiliki ardhi, isipokuwa katika mitaa watakayotengewa, na iliwataja kwa majina: makuli, Waarabu, Wamalai na raia Waislamu wa dola ya Kituruki. Someni tena orodha hiyo, ndugu zangu wa Tanga, Mombasa na Unguja. "Waarabu" wa huku walikuwa hasa wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarat, lakini nusu ya ukoo wangu ingenaswa humo, na nusu nyingine ingenaswa na sheria za Waafrika. Hakuna mlango ambao ningepita.

Watu walitafuta njia. Mhindi alinunua nyumba kwa jina la rafiki Mzungu, akimwamini asije akamgeuka. Baadaye wakaanzisha kampuni. Kesi mashuhuri ni ya Krugersdorp, magharibi ya Johannesburg, ambako halmashauri ya mji iliishtaki kampuni ya Dadoo kwa kununua viwanja huku wenye hisa wakiwa Wahindi. Mwaka 1920 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kampuni ni kitu mbali na wenye hisa zake. Kwa maneno mengine, kampuni haina rangi! Ila Bunge lilikuwa limekwisha kuziba mwanya huo kwa sheria ya 1919 kwa wale ambao wangetaka kununua baadaye. Wanasheria wanaikumbuka kesi ile kwa habari ya kampuni. Mie naikumbuka kwa sababu inaonyesha kwamba katika nchi hii karatasi iliweza kuhesabiwa kuwa mtu, wakati mtu mwenyewe hahesabiwi.

Msidhani hayo ni ya Makaburu peke yao. Dar es Salaam yetu iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na aghalabu kanuni hazikuhitaji kutaja rangi: zilitaja aina ya jengo. Eneo hili nyumba za Kizungu tu, lile vibanda vinaruhusiwa. Asiye na fedha za saruji alijikuta upande wa pili bila kuambiwa ondoka. Na Marekani masharti kama ya hati yangu yalijaa tele mpaka mwaka 1948, Mahakama Kuu ya huko ilipoamua katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza.

Sasa Sophiatown. Hapa ndipo swali la mke wangu lilipoanza kunikaa rohoni. Herman Tobiansky alipima viwanja magharibi ya Johannesburg, akauita mtaa kwa jina la mkewe Sophia. Wazungu hawakuvipenda, hasa baada ya manispaa kuweka shamba la maji machafu karibu. Akawauzia yeyote mwenye fedha. Hivyo Waafrika wakapata huko kitu adimu: miliki kamili, ya milele, yenye hati iliyoandikishwa. Daktari A. B. Xuma, rais wa ANC kuanzia 1940 hadi 1949, alijenga nyumba yake huko, barabara ya Toby.

Tarehe 9 Februari 1955 walifika polisi wapatao 2,000 na malori, wakaanza kuwahamishia watu Meadowlands, Soweto. Hati zilikuwepo! Hazikusaidia, kwa sababu mwaka mmoja kabla Bunge lilikuwa limetunga sheria ya kuwahamisha. Mtaa ukabomolewa, ukajengwa upya kwa ajili ya Wazungu, ukaitwa Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi mwaka 2006. Nyumba ya Xuma ni mojawapo ya chache zilizosalimika.

Padri aliyepigania mtaa ule, Trevor Huddleston, wazee wetu wa kusini wanamjua kwa jina jingine: Askofu wa Masasi, kuanzia 1960 hadi 1968. Alitoka kwenye vumbi la Sophiatown akaja Tanganyika, nchi ambayo Mwalimu alikuwa na mawazo tofauti kabisa kuhusu hati. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuruhusu Waafrika wapate miliki ya milele, Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga, "Mali ya Taifa", akihofu kwamba ardhi ikiwa bidhaa, maskini watauza na watoto wao watakuwa wapangaji. Mwaka 1963 miliki za milele zikageuzwa kuwa za kukodishwa na serikali. Mpaka leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati zetu haziendi zaidi ya miaka 99.

Jamani, miaka 99! Mwaka 1978 serikali ya ubaguzi iliwapa watu wa Soweto ukodishaji wa miaka 99, na wengi waliuona kama tusi: jirani Mzungu anapewa milele, wewe unapewa miaka. Namba ile ile, kwetu ni heshima, huku ilikuwa dharau. Tofauti haikuwa kwenye namba, ilikuwa kwenye swali la nani anahesabiwa kuwa mwenyeji. Nami nilipotia sahihi nikawa, katika nchi ya kigeni, mwenye miliki ya milele ambayo katika nchi yangu siwezi kuipata.

Sharti la hati yangu halikufa siku moja. Mwaka 1982, katika kesi ya Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba mtu aliyepatikana na hatia ya kuishi eneo la watu wengine asitolewe hivi hivi bila kuangalia kama ana pa kwenda. Baada ya hapo mashtaka yakawa magumu, Mayfair na Hillbrow zikazidi kuchanganyika, na mwaka 1991 sheria za maeneo zikafutwa. Lakini sheria ilipofungua mlango, benki zikafunga dirisha: zilikataa kukopesha katika mitaa kama Hillbrow, Berea na Yeoville. Nyumba isiyokopesheka haiuziki, isiyouzika haitengenezwi. Mnaoshangaa majumba yaliyochakaa ya katikati ya mji, sehemu ya jibu iko hapo. Mwaka 2000 ikatungwa sheria ya kuzilazimisha benki kutoa taarifa za mikopo yao ya nyumba.

Jirani yetu wa kwanza Kensington alikuwa mama wa Kireno, mzaliwa wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Siku moja akatuletea kahawa na bahasha: hati ya nyumba ya baba yake ya kupangisha, iliyotaifishwa Februari 1976. Nikamweleza kwamba kwetu pia mwaka 1971 majengo ya kupangisha ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na Msajili wa Majumba, na kwamba nilisomeshwa kuona ni haki. Hakukasirika. Alisema baba yake naye alisomeshwa kuona ni haki jinsi alivyokuwa ameipata.

Septemba 2019 ghasia zikaja karibu kabisa. Jeppestown, chini yetu, maduka yalivunjwa, na barabara ya Jules magari ya biashara yakateketezwa. Usiku ule bibi wa Kizulu anayekaa ng'ambo ya barabara alipiga simu: "Mwanangu, leta watoto huku." Tukawapeleka. Hati ilibaki kabatini, na hakuna aliyeiulizia.

Ningependa kuishia hapo, lakini si uaminifu. Sophiatown nako majirani wema walikuwepo tele, hawakuwazuia polisi 2,000. Jirani anakukinga na umati, hakukingi na Bunge. Hati inakukinga na dalali mwongo, haikukingi na umati. Vyote viwili vinahitajika, na bado havitoshi pasipo sheria inayokuhesabu kuwa mtu. Ndilo jibu nililompa mke wangu, miaka tisa baada ya swali. Akasema: "Basi tukae, lakini tujenge na Pangani." Tunajenga.

Ile nakala ya miaka ya 1930 nimeiweka faili moja na hati mpya. Mwanaidi atakaporithi, azisome zote mbili pamoja.

Mwenye kumbukumbu za familia za Wazanzibari wa Durban, wale waliofikishwa huko kuanzia 1873 na baadaye wakahamishwa kutoka King's Rest hadi Chatsworth baada ya kuandikwa kuwa watu wa Asia, tafadhali aongeze. Nao walikuwa na ardhi na msikiti wao.